Shairi Nililomwandikia Aliyemuua Mwanangu

Siku mwanangu Yasir alipotoka duniani, mimi nilikuwa dirishani nikimtukana.

Sikujua ni yeye. Nilisikia honi ya gari huko chini, kwenye maegesho ya fleti zetu hapa Adelphi, Amerika. Honi moja, ndefu, haikatiki. Jumamosi, adhuhuri imepita, watu wamejilaza, na mtu ameikalia honi kama mtaa ni wa babake.

Nikafungua dirisha. Nikatoa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Honi haikunyamaza.

Nilipochungulia vizuri nikaona gari ni letu, lile la kijivu lililobonyea mlango wa abiria. Na aliyelalia usukani alikuwa amevaa fulana ya kijani niliyoipiga pasi asubuhi.

Nilishuka ngazi bila viatu.

Kijana mmoja alikuwa akikimbia kuelekea barabara kubwa. Nilimwona mgongo tu. Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Nilimvuta Yasir kutoka kwenye usukani, honi ikanyamaza, na hapo nikasikia sauti nyingine, ya pumzi ikipita mahali isipopaswa kupita.

Alikuwa amechomwa kisu shingoni, kisha kifuani.

Nilibana shingo kwa mikono miwili. Damu ya mtu ni ya moto kuliko unavyodhani. Ilipenya kati ya vidole, ikaingia kwenye mikono ya dera langu, ikafika viwikoni. Aliniangalia. Watu huniuliza alisema nini mwisho wake. Hakusema kitu.

Alikuwa na miaka ishirini na mbili.

Kisa chenyewe? Nafasi ya kuegesha gari. Kijana alikuja kumtembelea rafiki yake, akaweka gari mahali petu. Yasir akamwambia atoe. Wakarushiana maneno, kisha ngumi. Yasir alikuwa na mkono mzito, alimwangusha chini mbele ya watu, akarudi kuketi kwenye gari akingoja nafasi yake. Yule akajizoa, akaenda kwenye buti, akarudi na kisu.

Anaitwa Ethan Makokha. Mtoto wa Wakenya kama wangu. Amezaliwa Amerika kama wangu.

Alikamatwa jioni ile ile. Hakubisha.

Madaktari wa serikali walimpasua Yasir kabla hatujapewa. Kisha wanaume wakaingia kumwosha. Kaka yangu Sabri alikuwa mmoja wao. Alipotoka alikuwa amelowa hadi magotini.

Nikamuuliza, "Yukoje?"

"Ametulia."

"Wanidanganya."

"Dada, hilo ndilo nililo nalo la kukupa. Lichukue."

Walimzika Virginia, mbele ya Woodbridge, kwenye makaburi ya Waislamu. Sisi kwetu Mombasa wanawake hatufuati jeneza. Nilibaki sebuleni na akina mama, juu ya mikeka, na kila nilipofungua mdomo kuna aliyeniwahi. Subiri, Fathiya. Usipige kelele, wamuadhibu maiti. Mtaje kwa mema.

Nikameza.

Siku ya tatu matanga yakaanuliwa. Mikeka ikakunjwa, sufuria zikarudishwa kwa wenyewe, na kila mtu akarudi kazini, maana hapa hakuna bosi anayengoja msiba wako uishe. Nikabaki mimi na binti yangu Yumna. Sikuwa nimelia.

Badala yake, mikono yangu ilianza kufanya mambo.

Kwanza ilivunja sahani. Kisha ikamzaba Yumna kofi kwa kucheka kwenye simu. Halafu siku moja nilirudi kutoka dukani nikakuta gari geni kwenye nafasi yetu. Nilifungua buti langu, nikatoa chuma cha kufungulia magurudumu, nikapasua vioo vyote. Cha mbele kilikataa. Nilikipiga hadi bega likaniuma na vipande vikanikata usoni na mikononi.

Mwenye gari alitoka, mzee mmoja wa El Salvador. Aliniangalia, akajua mimi ni mama wa nani, akarudi ndani akafunga mlango.

Yumna alikuwa amesimama ngazini. Huyu Kiswahili chote anakisikia, lakini hujibu kwa Kiingereza. Siku ile alinijibu kwa Kiswahili.

"Mama, utaua mtu."

Ni yeye aliyenitafutia kile kikundi.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha mashairi. Msicheke. Maktaba ya kule karibu na Bladensburg ilikuwa na darasa la bure kila Jumatano alasiri, la watu waliofiwa. Mnasoma jinsi washairi wa Amerika wa siku hizi wanavyoomboleza, kisha mnaandika yenu. Mimi niliishia kidato cha nne. Mashairi niliyoyajua ni ya nyanya yangu, aliyekuwa akitunga tenzi za misiba. Zile huanza kwa jina la Mungu, zikaja sifa za marehemu, zikaishia kwenye dua, vina vimekaa sawasawa.

Mwalimu wetu aliitwa Leonard, Mmarekani mweusi wa D.C., mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Ndugu yake alipigwa risasi akiwa kwenye kiti cha kinyozi.

Nilimweleza jinsi kwetu tunavyotunga. Akasikiliza vizuri, kisha akaniambia, "Hayo ni mazuri, na ukiyahitaji yapo. Lakini hapa karibuni washairi wetu wameacha kujifariji. Mtu akifiwa haandiki kwamba marehemu yuko pema. Anaandika damu ilikuwa wapi. Anamgombeza marehemu. Anaandika mkono wake ulitaka kufanya nini."

"Na hayo ni maombolezo?"

"Mikono yako inasemaje, Fathiya?"

Nikaificha chini ya meza. Vidonda vya vioo vilikuwa havijapona.

Jumatano ya pili ndipo nilipomwona Wambura.

Alikuwa mwanamke wa rika langu, mnene kiasi, bado amevaa sare ya kazi yake ya kutunza wazee. Mle ndani tunaitana kwa jina la kwanza tu, ndio utaratibu. Nilisikia lafudhi nikajua huyu ni wa bara, wa kwetu Kenya. Ilipofika zamu yangu nilisoma mistari yangu ya kwanza, ya ile honi na ya lile dirisha. Niliisoma kwa Kiswahili, kisha nikajaribu kuieleza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga.

Nilipoinua macho Wambura alikuwa ameshika ukingo wa meza kama mtu aliye kwenye basi linalopinda kona.

Zamu yake ikafika. Akasoma:

*Walichimba shimo lako nyuma ya ghala la mahindi.
Wakakulaza bila sanda, bila uso.
Udongo haukuuliza ni nani.
Mimi niliangalia kwenye simu,
na mtandao ukakatika kabla hawajafukia.*



Baadaye, kwenye korido, nikamwendea. "Pole, mamangu. Ni mtoto?"

"Ni kijana wangu."

"Nini kilimpata?"

"Kisu," akasema.

Nilimkumbatia. Sikuwa nimemkumbatia mtu tangu msiba. Nikamwambia, "Wangu pia."

"Nimesikia, Mama Yasir," akasema begani kwangu. "Nimesikia yote."

Tukawa marafiki. Yeye alikuwa na gari, mimi langu sikuweza tena kuliketia. Alinipitia kila Jumatano. Alikuwa mcheshi kwa njia yake kavu. Kuna mzee wa kazini kwake ambaye kila asubuhi humuuliza ameajiriwa na nani, na Wambura humjibu, "Mimi ndio mwenye nyumba, wewe ndio mpangaji, na umechelewa." Siku aliponiambia hilo nilicheka hadi nikaogopa.

Nami nikamwonyesha shairi langu lote.

Lilikuwa limegeuka. Nilikuwa nimemaliza kuzungumza na Yasir, sasa nilikuwa nazungumza na Ethan Makokha. Kijana alikuwa amekiri kosa, na mwendesha mashtaka alikuwa ameniambia kwamba siku ya hukumu mama wa marehemu hupewa nafasi ya kusema mbele ya hakimu. Kwenye vikao vingine vyote nilimtuma Sabri. Sikuwa nimetia mguu mahakamani. Lakini siku hiyo moja niliitaka. Nilitaka yule kijana akae pale amefungwa, anisikilize nikimchinja kwa maneno, na asiwe na pa kukimbilia.

Hicho ndicho kilichokuwa kikiniweka hai. Sina haja ya kujipamba.

Wambura alisoma akiwa kwenye usukani, gari limesimama. Akasoma mara mbili.

"Hapa umeandika 'nitakuchinja,'" akasema. "Hilo ni neno la bucha. Kila mtu analisema. Hata mtoto akinyang'anywa peremende analisema."

"Sasa nisemeje?"

"Leonard anasemaga nini? Weka kitu kidogo. Weka mahali."

"Shingoni, basi."

"Shingo ni kubwa."

Mvua ilikuwa inanyesha, vifutio vya kioo vinaenda na kurudi. Halafu akasema polepole, kama anayenisomea, "Chini ya sikio la kushoto. Kwenye pembe ya taya. Penye alama kama punje ya mchele."

Nikaandika.

"Ongeza," akasema. "Mahali mama yake alipokuwa akimnusa alipokuwa mchanga."

Nikamwambia, "Wewe Wambura una roho mbaya."

"Aki wewe andika tu."

Wiki moja kabla ya hukumu alikuja kwangu mchana ili nimsomee mara ya mwisho. Nilikuwa nasukuma chapati. Wambura alikuwa amesimama karibu na jokofu, amekunja mikono ya sweta, akikata vitunguu, huku akinifundisha mahali pa kuvuta pumzi.

Sabri akaingia. Ana ufunguo wake. Alikuwa ametoka kazini, na nikamwambia, "Njoo umwone Wambura, yule wa mashairi."

Sabri alisimama mlangoni. Aliangalia yule mama. Aliangalia kisu cha vitunguu.

"Nani amekuleta wewe?" akasema.

Wambura akaweka kisu chini.

Sabri alimfikia kwa hatua mbili. Alimshika shingo akambamiza kwenye jokofu, vitu vya juu vikaanguka vyote. Akambamiza tena. Kilemba kikatoka. Akamkamata nywele, akampigiza uso kwenye ukingo wa kabati, na jino likaruka likaingia kwenye unga wangu.

"Sabri, wamuua!"

"Ulikuja kumalizia?" Sabri alikuwa akimwambia yeye, si mimi. "Mmoja hakukutosheni?"

"Huyu ni rafiki yangu," nikasema. "Amefiwa na mtoto."

Sabri akanigeukia. Alikuwa akilia.

"Fathiya, nimekaa nyuma ya huyu mwanamke kila siku ya mahakama. Huyu ndiye mamake Ethan."

Nilimwangalia Wambura. Damu ilikuwa ikimtoka puani ikiingia mdomoni. Nilikuwa nangoja akatae.

Hakukataa.

Mti wa kusukumia chapati ulikuwa mkononi mwangu tayari. Nilimpiga begani. Nilimpiga mbavuni. Alikuwa ameteleza chini, amekaa kwenye unga na vitunguu, na nilipouinua tena aliinua mkono wa kulia, si kujikinga, ni kama anayeomba kuzungumza darasani. Nikaupiga huo. Nilisikia mfupa. Sauti yake ni kama kuni kavu, na niliipenda, nikapiga tena palepale.

"Piga," akasema Wambura. "Mama Yasir, piga. Nilikuja kwa hiyo pia."

"Ulijua?"

"Tangu siku ile uliposoma honi."

"Na kaburi? Kaburi ulilolisoma ni la nani?"

Akatema damu. "La Ethan."

"Ethan yu hai. Anakula wali wa serikali."

"Baba yake alirudi Bungoma. Solomon. Alisema hawezi kuwa baba wa muuaji. Kwao, mtu akipotea na maiti isipatikane, huzika shina la mgomba mahali pake. Solomon akalifanya kwa mtoto aliye hai. Akaita watu, wakachimba, wakalaza mgomba, wakapiga mayowe. Kwao Ethan amekufa. Jina lake halitajwi. Mimi nilipigiwa simu niangalie." Alikuwa akipumua kwa taabu. "Kanisani wakaniambia nimshukuru Mungu, wangu anapumua. Hakuna aliyenikalia matanga hata siku moja. Wewe pekee ndiye uliyenipa pole."

Sabri alikuwa ameshachukua kile kisu cha vitunguu.

Sikumwona akikichukua. Nilichoona ni mkono wake, jinsi kidole gumba kilivyokaa juu ya mpini, na mtu anaposhika kisu hivyo hafikirii tena vitunguu. Alimwinamia. Nami sijui ni nani aliyenisukuma. Nilijirusha katikati, kisu kikanipasua kiganja kutoka upande hadi upande, na damu ikaanza kupita kati ya vidole vyangu, ya moto, ikashuka hadi viwikoni.

Nikapiga yowe.

Lilikuwa ni lile lile la siku ya kwanza, nililoambiwa nilimeze. Lilitoka na mate na kamasi. Sabri aliangusha kisu akaziba masikio. Nilimlilia Yasir pale sakafuni, kwa jina, kwa matusi, kwa nini hukuhama hiyo nafasi, kwa nini ulimwangusha kijana wa watu mbele ya watu, mjinga wewe, mjinga wewe, nafasi ziko tele. Na Wambura aliyevunjika mkono alikuwa amenishikilia kwa ule mwingine, naye analia kikwao, maneno nisiyoyajua.

Hospitalini Wambura alisema ameanguka ngazini. Daktari hakuamini, lakini hakuna aliyebadilisha maelezo.

Mtadhani shairi nililichana. Sikulichana.

Siku ya hukumu nilivaa nguo nyeupe, kiganja changu kimefungwa bendeji. Wambura alikuwa ameketi upande wa pili, peke yake kwenye benchi zima, mkono ukiwa kwenye plasta. Ethan aliletwa. Ndiyo kwanza namwona uso. Kijana mwembamba, ndevu hazijashika vizuri, anaangalia viatu vyake.

Mkalimani alisimama kando yangu, dada mmoja wa Kitanzania. Mimi nasoma Kiswahili, yeye anafuata kwa Kiingereza, kipande kwa kipande.

Nilisoma honi. Nilisoma dirisha. Sauti haikutetemeka, nilikuwa nimefundishwa pa kuvuta pumzi.

Kisha nikasoma:

*Sasa nakutafuta wewe.
Nakutaka chini ya sikio la kushoto,
kwenye pembe ya taya, penye alama kama punje ya mchele,
mahali mama yako alipokuwa akikunusa ulipokuwa mchanga.
Hapo ndipo nilipotaka kuingilia.*

Nikanyamaza ili mkalimani afuate.

Lakini mkalimani hakuwa amefungua mdomo bado, na yule kijana tayari alikuwa ameinua mikono yake yenye pingu hadi usoni, vidole vinapapasa chini ya sikio la kushoto.

Alisikia Kiswahili. Bila shaka alisikia. Mama Mkikuyu na baba Mbukusu, hicho ndicho alicholelewa nacho.

Na alama ilikuwepo. Niliiona kutoka pale niliposimama, nyeupe kwenye ngozi yake nyeusi.

Ethan aligeuka kabisa kwenye kiti, askari akamshika bega, akaangalia nyuma, kwa mama yake. Hakuangalia kwa hasira. Aliangalia kama mtoto aliyepotezana na mama sokoni akaiona kanga yake. Hapo ndipo alipoanza kulia, kwa sauti, mdomo wazi.

Nilikuwa nimelitaka jambo hilo kuliko kitu chochote. Lilipokuja nilikunja karatasi.

Miaka ya kifungo chake ikatajwa. Ni mingi. Niliisikia idadi ikapita.

Kwenye korido nilimngoja Wambura.

"Ile alama ni ya kweli," nikasema.

"Mafuta ya mandazi yalimrukia, alikuwa anatambaa."

"Kwa nini ulinipa?"

"Uliniomba mahali," akasema. "Mimi mwili ninaoujua hivyo ni mmoja tu."

Sabri alipita katikati yetu. Hajanizungumzisha hadi leo.

Wengi mtaniuliza kama nimesamehe. Sijasamehe, na Wambura hajaniomba. Kama mnataka funzo, ninalo moja tu. Tunapomwambia mfiwa anyamaze, ataje mema, amalize siku tatu aanue, yale mabaya hayamalizwi na siku tatu. Yanatafuta pa kukaa. Yangu yalikaa mikononi, na yalivunja vioo vya gari, na yalivunja mfupa wa mtu aliyekuja kunililia. Mwacheni mfiwa aseme. Mwacheni aseme hata lile litakalowafanya mtoke sebuleni.

Mkono wa Wambura haukuunga vizuri. Vidole viwili havikunji, hawezi kushika kalamu.

Kwa hiyo Jumatano, kule maktaba, yeye huniambia shairi la Ethan polepole, na mimi ndiye ninayeandika.